Deni kwa Waliorudi: Namna Wamarekani Wanavyowakumbuka Askari Wao Wastaafu



Kila mwaka, tarehe 11 Novemba, ofisi za serikali ya Marekani hufungwa, bendera hupandishwa, na wazee waliopata kuvaa sare ya jeshi huandamana barabarani wakipigiwa makofi. Atazamaye kwa mbali aweza kudhani kwamba ni sherehe ya kujivunia vita. Twaomba tusiharakishe kuhukumu. Chini ya tarumbeta na mashada ya maua limo swali linalolihusu kila taifa: mtu aliyetumwa na nchi yake kwenda mahali pa kifo, akarudi, anadai nini kwa wale waliobaki nyumbani?

Wamarekani wamelijibu swali hilo mara kwa ukarimu na mara kwa aibu. Yatupasa kuyatazama majibu yote mawili, maana katika yote mawili limo funzo.

SIKU MBILI, MAANA MBILI

Kwanza tujue kwamba Wamarekani wana siku mbili za namna hii, na wenyewe kwa wenyewe huzichanganya mara nyingi.

Siku ya Kumbukumbu, mwishoni mwa Mei, ni ya marehemu. Ilizaliwa katika majonzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Mwaka 1868 Jenerali John A. Logan, aliyekiongoza chama cha askari waliopigana upande wa Kaskazini, aliagiza kwamba tarehe 30 Mei makaburi ya wenzao yapambwe kwa maua. Lakini miaka mitatu kabla yake, tarehe 1 Mei 1865, katika mji wa Charleston, South Carolina, watu weusi waliokuwa wametoka tu katika utumwa walikuwa wamekwisha fanya jambo hilo. Hapo palikuwa na kiwanja cha mbio za farasi kilichogeuzwa gereza la mateka, na askari zaidi ya 250 walikuwa wamefukiwa ovyo nyuma yake. Wale watu huru wapya wakawazika upya kwa heshima, wakazungushia makaburi ua, kisha wakaandamana kwa maelfu, watoto wao wakichukua maua. Maskini wasio na kitu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa shukrani.

Siku ya pili, 11 Novemba, ni ya wote waliotumikia jeshi, na hasa walio hai. Tarehe hiyo, mwaka 1918, mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza ilinyamaza. Kwa muda mrefu ikaitwa Siku ya Kusimamisha Vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea, Rais Eisenhower, aliyekuwa jenerali, alitia sahihi mwaka 1954 sheria ya kuiita Siku ya Askari Wastaafu, ili heshima iwe ya watu wa vita vyote. Baadaye sheria iliihamishia Jumatatu moja ya Oktoba, kuanzia 1971, watu wapate mapumziko marefu ya mwisho wa juma. Wananchi hawakuridhika, na tangu 1978 siku ikarudishwa mahali pake. Kumbukumbu isiyowagharimu watu chochote, hata usumbufu wa siku moja katikati ya juma, ni kumbukumbu nyepesi mno.

Sisi Wakatoliki twaijua tarehe hiyo kwa sababu nyingine pia. Ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, askari wa Kirumi aliyelikata joho lake vipande viwili ili amfunike maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Askari na maskini katika habari moja: tuikumbuke picha hiyo tunapoendelea.

AHADI NI DENI

Mwezi Machi 1865, vita vikikaribia kwisha, Rais Abraham Lincoln alilihutubia taifa na kulikumbusha kazi iliyobaki: kumtunza aliyeubeba mzigo wa vita, na mjane wake, na yatima wake. Mwezi uliofuata aliuawa, lakini neno lake halikufa. Mtu wa mwisho kupokea pensheni iliyotokana na vita hivyo, binti wa askari mmoja, alifariki mwaka 2020. Kila mwezi alikuwa akipewa dola 73 na senti 13. Vita vilikuwa vimekwisha kwa miaka 155, na deni lilikuwa bado likilipwa! Atakaye kuipeleka nchi yake vitani ajue kwamba gharama ya vita haiishi siku ya mkataba.

Hata hivyo taifa hilo hilo lilipata kulisahau neno lake. Mwaka 1924 Bunge la Marekani liliwaahidi askari wa Vita Kuu ya Kwanza malipo ya ziada, dola moja kwa kila siku ya utumishi nyumbani, na dola moja na robo kwa kila siku ya ng'ambo. Lakini hati walizopewa hazikuweza kulipwa kikamilifu hata mwaka 1945. Ndipo ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi zikakosekana, watoto wakalala na njaa, na baba zao wameshika karatasi isiyonunua hata mkate. Katika kiangazi cha 1932 askari wa zamani yapata 20,000, wengine na wake na watoto, walikwenda Washington kudai walipwe mapema. Walijenga vibanda vya mbao na mabati kando ya mto Anacostia, na humo weupe na weusi walikaa pamoja, jambo ambalo jeshi lenyewe halikuliruhusu wakati ule.

Tarehe 28 Julai polisi waliwapiga risasi, na wawili wakafa. Jioni ile Jenerali Douglas MacArthur alileta askari wapanda farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na kambi ikateketezwa kwa moto. Askari wa taifa waliwafukuza askari wa taifa.

Wahenga walisema kweli: fadhila ya punda ni mateke. Lakini aibu, ikikubaliwa, yaweza kuwa mwalimu. Mwaka 1936 Bunge liliidhinisha malipo yale ijapokuwa Rais alikuwa ameyakataa. Na vita vya pili vilipokaribia mwisho, viongozi hawakutaka kuona tena wanaume wenye nishani wakiomba chakula barabarani. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria iliyowapa askari karo ya masomo, mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, na msaada wakati wa kutafuta kazi. Hata kufikia 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo. Watoto wa wakulima na wa wafanya kazi wa viwandani wakawa wahandisi, walimu na waganga. Taifa lililipa deni, nalo likatajirika kwa kulilipa.

WALIOTUMIKIA BILA KUHESHIMIWA

Tungependa somo hili liishie hapo. Haliwezi, kwa sababu mlango ule mpana ulikuwa mwembamba kwa wengine.

Sheria ya 1944 haikutaja rangi ya mtu. Lakini utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa mabenki, vyuo na maofisa wa kila jimbo, na huko ubaguzi ulikuwa ukitawala. Katika jimbo la Mississippi, mwaka 1947, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilitolewa kwa dhamana hiyo. Miwili tu ndiyo iliyowafikia askari weusi. Tuyawaze maisha ya familia hizo: nyumba isiyojengwa, shamba lisilonunuliwa, urithi usiokuwapo kwa mtoto na kwa mjukuu.

Wengine hawakungoja hata kuomba mkopo. Sajini Isaac Woodard, mtu mweusi aliyetumika Pasifiki, aliachiliwa jeshini tarehe 12 Februari 1946, naye akapanda basi kwenda kwa mkewe, sare bado mwilini. Baada ya kujibizana na dereva aliteremshwa Batesburg, South Carolina. Mkuu wa polisi wa mji akampiga machoni kwa rungu hata akampofusha kabisa. Baraza la wazee wa mahakama, weupe watupu, lilimwachilia huru mkuu yule kwa muda mfupi sana. Habari hiyo ilimchoma moyo Rais Truman, naye tarehe 26 Julai 1948 akaagiza usawa wa watu wote katika majeshi bila kujali rangi. Mwaka 2018 hukumu aliyopewa Woodard siku zile ilifutwa, na 2019 mji ule ukasimamisha kibao cha kumbukumbu yake. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1992.

Wala tusiwasahau wanawake. Mapema 1945 wanawake 855 wa batalioni ya 6888, karibu wote weusi, walipelekwa Birmingham, Uingereza, chini ya Meja Charity Adams. Humo ghalani mlikuwa na mamilioni ya barua na vifurushi vilivyolundikana, barua za wake na akina mama ambazo askari hawakuzipata. Walifanya kazi usiku na mchana kwa zamu tatu. Wakuu walikuwa wamewapa miezi sita. Wao wakamaliza kwa mitatu. Watatu kati yao walikufa katika ajali ya gari huko Ufaransa, wakazikwa katika makaburi ya Wamarekani ya Normandy. Waliobaki walirudi kwao bila gwaride. Nishani ya Dhahabu ya Bunge iliidhinishwa kwa ajili yao mwaka 2022, wakati walio hai walikuwa wakihesabika kwa vidole.

Kuheshimu baada ya miaka 70 ni bora kuliko kutoheshimu kabisa. Lakini ni nani asiyeona kwamba ua lililopewa mtu mkononi lina harufu nzuri kuliko lile linalowekwa juu ya jiwe?

VIDONDA VISIVYOONEKANA

Vita vya Vietnam viliwagawanya Wamarekani kama kisu. Vijana waliporudi, wengi walikuta nchi isiyotaka kuwasikia, maana waliokuwa wakivichukia vita walishindwa kumtenganisha kijana na vita alivyotumwa. Ndipo askari mmoja aliyejeruhiwa huko, Jan Scruggs, alipoanza kukusanya fedha kwa wananchi ili majina ya wenzake yaandikwe. Shindano la kuchora ukumbusho likashindwa na mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, Maya Lin. Ukuta wake wa mawe meusi ulizinduliwa Washington mwezi Novemba 1982. Una majina zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa tarehe za kufa wala si kwa vyeo. Jenerali na kijana wa cheo cha chini wako mstari mmoja. Mawe yamesuguliwa hata yang'aa, na mzazi alitafutaye jina la mwanawe huona uso wake mwenyewe katikati ya majina. Tangu siku ya kwanza watu wameacha hapo barua, viatu, nishani na picha za watoto wasiomjua baba.

Wakati ule ule waganga walianza kukiri jambo ambalo wake wa askari walilijua siku zote: kwamba mtu aweza kurudi na viungo vyote, na bado akawa amejeruhiwa. Hulala bila kupata usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, hukasirika bila sababu, hujitenga. Mwaka 1980 hali hiyo iliingizwa rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani. Jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi ya karibuni askari wastaafu zaidi ya 6,000 wamejiua kila mwaka katika nchi ile. Twayataja haya kwa uchungu, ili ijulikane kwamba shada la maua halimponyi mtu. Anayemtembelea, anayemsikiliza bila kumhukumu, anayemsindikiza kwa daktari, huyo ndiye ameiadhimisha siku ya askari mstaafu.

PADRE ALIYEKUMBUKWA NA WENZAKE

Habari moja itugusayo kwa karibu ni ya Padre Emil Kapaun, mtoto wa wakulima wa Pilsen, Kansas, aliyepewa upadre 1940. Alikuwa padre wa jeshi huko Burma na India mwaka 1945, na baadaye Korea. Mwezi Novemba 1950, huko Unsan, kikosi chake kilizungukwa. Angeweza kuondoka, akachagua kubaki na majeruhi. Alipomwona askari adui akimwelekezea bunduki sajini aliyelala amevunjika mguu, alikwenda, akaisukuma bunduki kando, akamwinua majeruhi yule na kumbeba.

Katika kambi ya mateka, wakati wa baridi kali na njaa, alifua sufuria kutokana na vipande vya bati apate kuwachemshia wenzake maji. Aliiba nafaka kwa ajili yao, huku akimwomba msaada yule mwivi mwema aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Aliwaosha wagonjwa wa kuhara, akasali na Wakatoliki, na Waprotestanti, na wasiosali kabisa. Alifariki tarehe 23 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 35.

Tazameni basi kazi ya kumbukumbu. Rubani mmoja Myahudi, aliyeletwa kambini baada ya kifo chake na ambaye hakumwona kamwe, alisikia habari zake hata akachonga msalaba kwa kuni, na mateka wakatoka nao siku ya kufunguliwa kwao mwaka 1953. Walionusurika hawakunyamaza. Kwa miaka 60 walimsimulia, hata mwaka 2013 akapewa Nishani ya Heshima, iliyo kuu kuliko zote za jeshi la Marekani. Na yule sajini aliyebebwa alikuwapo, mzee, akishuhudia. Mwaka 2021 mifupa yake ilitambuliwa miongoni mwa wasiojulikana waliozikwa Hawaii, akazikwa upya katika kanisa kuu la Wichita. Na Februari 2025 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha hati inayokiri kwamba aliyatoa maisha yake kwa ajili ya wengine. Kama wale mateka wangalifunga vinywa vyao, nani leo angemjua?

KUSIKILIZA KABLA YA KUZIKA

Frank Buckles aliingia jeshini akiwa na miaka 16, baada ya kudanganya umri wake. Alipofariki tarehe 27 Februari 2011, umri wake miaka 110, hakubaki tena Marekani hata mtu mmoja aliyetumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika uzee wake alikuwa ameomba vita hivyo vipewe ukumbusho wa taifa mjini Washington. Ulifunguliwa 2021, miaka kumi baada ya mazishi yake. Wamarekani zaidi ya milioni 16 walitumika katika vita vya pili, na leo katika kila mia hayupo hata mmoja aliye hai.

Kwa sababu hiyo Bunge lilianzisha mwaka 2000 kazi ya kukusanya masimulizi ya askari, na kuyahifadhi katika Maktaba ya Bunge. Mjukuu aweza kukaa na babu yake kwa nusu saa au zaidi, akayanasa maneno yake, akayapeleka. Masimulizi zaidi ya 100,000 yamehifadhiwa hivyo, ya wapishi, madereva na wauguzi pamoja na majenerali.

Na jambo hili si la mbali nasi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wetu wa King's African Rifles, iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma. Kaskazini ya nchi ile ile, Wamarekani wapatao 15,000, wengi wao weusi, walikuwa wakiichimba barabara ya Ledo katika matope na malaria. Wajukuu wa makundi yote mawili wana swali moja: babu aliona nini huko? Na wengi hawakuuliza kwa wakati.

Basi, kwa familia yenye mzee aliyetumika jeshini, popote alipotumika, twatoa mashauri haya. Aulizwe kwanza juu ya utoto wake na nyumbani kwao, ndipo juu ya jeshi. Asiulizwe kamwe aliua wangapi. Akinyamaza, tunyamaze naye. Akitaka kuacha, aachwe. Majina ya rafiki zake yaandikwe, maana pengine hapana mwingine duniani ayajuaye. Nyuma ya kila picha iandikwe nani, wapi, lini. Na akionekana kusumbuliwa na kumbukumbu zake, asiachwe peke yake usiku ule.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba askari atimizaye wajibu wake kwa haki huchangia amani, na papo hapo uliwataka watu wote wafanye bidii kuviondoa vita. Mambo hayo mawili hayapingani. Anayemsikiliza askari mzee kwa makini, mpaka mwisho wa maneno yake, ni nadra kutoka hapo akivipenda vita.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Siku ya Kumbukumbu na Siku ya Askari Wastaafu zatofautianaje? Kwa nini yafaa kuwaheshimu walio hai mbali na marehemu?

2. Sheria ya 1944 ilikuwa njema, lakini wengine walinyimwa matunda yake. Ni katika mambo gani sheria njema yaweza kuharibiwa na mikono inayoitekeleza?

3. Wale mateka walimkumbuka Padre Kapaun kwa miaka 60. Katika ukoo wetu, ni mtu gani aliyetumikia wengine ambaye habari zake hazijaandikwa? Nani atakwenda kumwuliza juma hili?